Kidonda hakiachwi hospitalini: tuhesabu siku thelathini

AFYA KATIKA JAMAA



Alhamisi iliyopita, tulipokwisha kuhesabu akiba ya AVEC na kufunga kasha, mwenzetu mmoja aliomba neno. Tulidhani anataka mkopo. Kumbe alitaka kutueleza kwa nini hakuonekana kati yetu kwa miezi miwili, na kwa nini wakati ule alituma mtoto mlangoni kutuambia kwamba mama amelala. Alipomaliza kusema, chumba kizima kilinyamaza. Kisha mmoja wetu akasema, "Kumbe hata mimi yalinifikia." Mwingine akasema yalimfikia dada yake. Mwingine tena, wifi yake. Siku hiyo tulichelewa kurudi kupika.

Mwenzetu ametupa ruhusa tuandike habari yake bila kumtaja jina, wala jina la hospitali. Tunaiandika kwa sababu inawahusu wote wanaopasuliwa: mama anayezaa kwa sezariene, kijana aliyetolewa apandisiti, baba aliyepasuliwa henia. Wote hao hurudi nyumbani kidonda kikiwa bado kibichi.

Mtoto wake wa tatu alikuwa amelala tumboni kwa kukingama, na waganga wakampasua. Kazi ilikwenda vizuri, mtoto akalia, mama akaamka. Siku ya nne walimruhusu kurudi. Faktire ilikuwa imelipwa nusu. Kwa nusu iliyobaki, bwana yake alitia sahihi kwenye karatasi na kuacha karte yake ya uchaguzi pale kaisi. Moto iliwashusha chini ya mlima, kwa maana haiwezi kupanda hadi kwao. Zile ngazi za udongo za Kadutu mnazijua. Alizipanda pole pole, mkono mmoja tumboni, wifi yake akibeba mtoto.

Siku ya sita alisikia upande mmoja wa kidonda una moto kuliko mwingine. Siku ya nane kikwembe kililowa, tena kilikuwa na harufu. Mama mkwe alimwambia kwa upole, "Mwanangu, hayo ni maji ya uzazi tu, yatakauka." Jirani akaleta vidonge vya kapsuli, wakavifungua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga ulikauka, ukafanya gamba, na kwa siku mbili nyumba nzima ilifurahi. Siku ya kumi na moja homa ikampiga, akawa anatetemeka, maziwa yakapungua, mtoto akalia usiku kucha. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine wakasema hakumngojea bwana apumzike. Wengine wakasema kuna mtu amemtupia jambo.

Alituambia hivi: "Niliogopa vitu viwili, deni na midomo ya watu. Kidonda chenyewe sikukiogopa."

Siku ya kumi na tatu dada yake mkubwa alifika kutoka Bagira. Hakuuliza mengi. Alifunga mlango, akafunua kikwembe, akatazama, akasema, "Simama, twende." Hospitalini walifungua sehemu ya kidonda, na usaha uliokuwa umejificha chini ya lile gamba ukatoka. Mama muuguzi aliyemsafisha akashangaa: "Kwetu hapa imeandikwa kwamba ulitoka mzima. Mbona hukurudi?" Ilimchukua majuma matatu ya kusafishwa na kufungwa kidonda mpaka nyama ikajaa kutoka ndani. Leo ni mzima, na mtoto amenenepa. Lakini zile siku tano, tangu siku ya nane hadi ya kumi na tatu, karibu zituondolee mtu.

Ndiyo maana juma hili tunaomba kila nyumba ishike jambo moja: kutoka hospitalini si kupona. Kidonda cha kupasuliwa kina siku thelathini za kulindwa, na siku nyingi kati ya hizo anakuwa mikononi mwetu, si mikononi mwa waganga.

Kwa nini ubaya unaonekana nyumbani

Kidonda kinapoingiwa na vijidudu, hakioneshi siku ileile. Vijidudu vinahitaji muda wa kuzaana, na mwili unahitaji muda wa kupigana navyo. Mara nyingi alama za kwanza huonekana baada ya siku ya tano, na nyingi hutokea katika juma la pili. Sasa hesabuni wenyewe. Hospitali zetu zina vitanda vichache, na kila siku ya kulala inaongeza faktire. Mama wa sezariene anatoka siku ya tatu, ya nne, ya tano. Basi anatoka kidonda kikiwa kinapendeza macho, na ubaya unaanza akiwa kwake jikoni.

Waganga wenyewe wanalijua hilo. Wanapohesabu maambukizi ya kidonda cha kupasuliwa, wanafuata siku 30 tangu siku ya kupasuliwa. Kwa mtu aliyewekewa chuma mwilini kwa ajili ya mfupa uliovunjika, wanafuata muda mrefu zaidi.

Si jambo la watu wachache. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo juu ya maambukizi haya. Lilisema kwamba katika nchi zenye mapato madogo na ya kati, watu 11 hivi kati ya 100 wanaopasuliwa wanapata maambukizi ya kidonda. Tena likasema kwamba hapa Afrika, kwa wamama wanaozaa kwa sezariene, hesabu inaweza kufika 20 kati ya 100. Yaani mkiwaona wamama watano waliozaa kwa njia hiyo, huenda mmoja wao kidonda kimemsumbua, hata kama hakumwambia mtu.

Sasa tuseme wazi juu ya yale maneno ya kartie. Vijidudu vingi vinavyoharibu kidonda huingia saa ileile ya kupasuliwa, na mara nyingi vilikuwa tayari juu ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe, kwa maana hakuna ngozi ya mtu isiyo na vijidudu. Vingine vinaingia baadaye, kwa mikono isiyooshwa, kwa kitambaa kichafu, kwa maji yasiyo safi. Mwenye ugonjwa wa sukari, mwenye upungufu wa damu, mwenye mwili mnene sana, mama aliyekaa kwenye uchungu siku nzima na chupa ya maji imepasuka zamani, hao wako katika hatari zaidi. Katika hayo yote hakuna aibu. Anayemwambia mama mwenye usaha kwamba ni matendo yake au laana, anamfundisha kuficha kidonda. Na kidonda kilichofichwa ndicho kinachoua.

Maswali matatu, na macho

Tazama tuliyojifunza kwa jirani. Katika wilaya ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda, watafiti waliwafuata wamama waliozaa kwa sezariene, miaka ya 2017 na 2018, wakawachunguza karibu siku ya kumi baada ya kupasuliwa. Walitafuta njia ambayo mshauri wa afya wa kijiji, mtu asiye muganga, anaweza kuitumia nyumbani kwa mama ili ajue nani arudi hospitalini. Katika maswali waliyoyajaribu, matatu yalionekana kusaidia sana. Tunayaandika hapa kwa lugha yetu ya nyumbani:

Tangu utoke hospitalini, umepata homa?

Maumivu ya kidonda yameongezeka badala ya kupungua?

Kidonda kinatoa majimaji yaliyobadilika rangi, au usaha?

Mkiona, hakuna mashine hapo. Ni maswali ambayo mama mkwe, dada, bwana au mtoto mkubwa anaweza kuuliza kila asubuhi, pamoja na "umeamkaje". Jibu likiwa "ndiyo" hata kwa swali moja, mtu arudi kuonwa siku ileile.

Baada ya maswali, tumia macho na mkono. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Kwa ngozi yetu nyeusi, wekundu haujioneshi upesi kama picha za vitabuni. Basi tazama kama ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi zaidi, inang'aa, imevimba, au imekuwa ngumu. Weka mgongo wa mkono karibu na kidonda, kisha uweke kwenye paja. Kama pembeni mwa kidonda pana moto kuliko paja, hilo ni neno. Nusa pia. Kidonda kinachopona hakina harufu mbaya. Tazama kama midomo ya kidonda imeanza kuachana.

Sezariene ina shida yake: kovu liko chini, tena tumbo linalifunika, na mama mwenyewe halioni. Atumie kioo kidogo, au amwombe dada yake amtazamie. Dada wa Bagira alifanya kazi hiyo kwa nusu dakika. Kwa mama aliyezaa, tuangalie pia damu ya uzazi. Ikiwa ina harufu mbaya, au tumbo la chini linauma sana likiguswa, arudi, hata kama ngozi ya nje inaonekana nzuri.

Tusiwatishe watu bure. Kuwashwa kidogo, ganzi pembeni mwa kovu, tone la maji meupe au yenye damu kidogo katika siku za kwanza, maumivu yanayopungua siku kwa siku, hayo ni ya kawaida. Angalia njia kinakoelekea: kidonda kizuri cha leo ni kizuri kuliko cha jana. Kikirudi nyuma, usingoje kesho.

Na kuna alama ambazo hazingojei hata kupambazuke: homa kali yenye kutetemeka, kupumua mbio mbio, kuchanganyikiwa kwa maneno, mikono na miguu kuwa baridi, damu nyingi. Au kidonda kufunguka mpaka vya ndani vinaonekana. Likitokea hilo la mwisho, msirudishe kitu ndani. Mfunike kwa kitambaa safi kilicholowanishwa na maji yaliyochemshwa na kupoa, mlaze chali, asile wala asinywe, mtafute gari.

Yale tunayoyaweka juu ya kidonda

Hapa tuungame. Wengi wetu tumewahi kuyafanya, na tuliyafanya kwa upendo. Unga wa kapsuli. Majivu. Chumvi ya kukaanga. Mafuta ya ngazi. Dawa ya meno. Majani yaliyotwangwa. Kukanda tumbo la mama wa sezariene kwa maji ya moto, kama tunavyomkanda mama aliyezaa kwa njia ya kawaida.

Kwa nini hayasaidii? Kwa sababu ubaya hauko juu. Uko chini ya ngozi, ndani ya ule mshono. Unga wa kapsuli hauwezi kushuka huko. Unachofanya ni kukauka, kuziba mlango, na usaha unabaki ndani ukijichimbia njia. Mbele ya macho panakuwa pakavu, na ndiyo sababu tunadanganyika. Majivu na majani yanaleta vijidudu vingine. Maji ya moto yanachoma ngozi yenye ganzi na kulowesha mshono.

Kwenda farmasi na kusema "nipe antibiotiki ya kidonda" nako ni kubahatisha. Dawa moja haiui vijidudu vyote. Ukimeza isiyofaa, au ukimeza siku mbili na kuacha kwa sababu pesa imekwisha, vile vijidudu vigumu ndivyo vinavyobaki, na muganga anapokuja kukutibu anakuta dawa zake hazina nguvu. Tena mara nyingi dawa kubwa ya usaha si kidonge: ni kuufungulia njia utoke, kusafisha, na kufunga kila siku. Jambo hilo farmasi haiuzi. Lakini muganga akikuandikia dawa mwenyewe, meza zote jinsi alivyosema, mpaka siku ya mwisho.

Namna ya kukilinda

Mikono kwanza. Kila anayegusa kidonda anawe kwa sabuni, hata akiwa muuguzi anayekuja nyumbani. Kumwambia "mama, sabuni iko pale" si kumdharau.

Kifungo cha kwanza kisitolewe kabla ya saa 48, isipokuwa muganga amesema, au kimelowa. Baada ya hapo fuata maneno waliyokupa pale ulipopasuliwa. Wakikuruhusu kuoga, oga kwa maji safi na sabuni, acha maji yapite tu, usisugue, usikae ndani ya beseni. Tunajua maji ya bomba yanakatika siku ngapi kwetu. Yale ya kuchota, chemsheni na kuyapoza, mwekeeni mgonjwa bidoni lake, watoto wasilichovye kikombe.

Kausha kwa kugusagusa, kwa kitambaa kilichofuliwa, kilichokauka juani na kupigwa pasi. Kwa wamama wenye tumbo linalofunika kovu, lala chali kidogo mara mbili kwa siku, inua tumbo, acha hewa ipite. Usifunge kikwembe wala kamba juu ya kovu. Vaa kisichobana.

Bidoni la litre 20 lisibebwe na mama huyu, wala mfuko wa makala, wala mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Kwa majuma sita asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake mchanga. Baba wa nyumba watakaosoma ukurasa huu, mistari hii ni yenu. Kumpelekea bibi yako maji kwa majuma sita ni nafuu kuliko siku moja ya kitanda hospitalini.

Chakula: maharagi, ndagala, sambaza, mayai yakipatikana, lengalenga, sombe, matunda ya soko. Nyama ya mwili inajengwa kwa chakula. Mwenye sukari asiache dawa yake.

Kama bado hujapasuliwa, mambo mawili. Oga vizuri kwa sabuni usiku ule au asubuhi ile. Na usijinyoe nywele kwa wembe nyumbani. OMS inakataza wembe, kwa sababu unakwaruza ngozi na kuacha milango midogo ya vijidudu. Ikihitajika kabisa, watakata nywele kwa mashine hospitalini. Unaweza pia kuuliza kwa heshima kama utapewa antibiotiki kabla ya kupasuliwa. Ndiyo saa yake, kabla ya kisu kugusa ngozi. Vidonge vingi vya kubeba nyumbani havichukui nafasi ya ile dawa ya mwanzo.

Na siku ya kutoka, msiondoke bila kuuliza maneno manne: Nirudi siku gani kusafishwa? Nyuzi zinatolewa lini? Nikiona alama mbaya, nije wapi na nimwite nani? Na nikirudi, nitalipa nini? Aandike mtu mwenye mkono mwepesi, kwa maana mama aliyetoka kupasuliwa hashiki yote.

Deni lisitufunge miguu

Tumefika kwenye jiwe lenyewe. Mwenzetu alijua tangu siku ya nane kwamba kidonda kimeharibika. Hakuwa mjinga, tena alisoma. Kilichomzuia ni ile karte ya uchaguzi iliyobaki kaisi. Alidhani akitokea mlangoni watasema, "Umeleta pesa?" Aliwahi kuona wamama waliozuiliwa kwa faktire, wakilala majuma na watoto wao kwenye benchi. Aliogopa hilo, na hatuwezi kumlaumu.

Lakini tuhesabu pamoja, kama tunavyohesabu kasha. Siku ya nane angehitaji kusafishwa na kufungwa. Siku ya kumi na tatu alihitaji kitanda, dawa za mshipa, na majuma matatu. Deni halikupungua kwa kuogopwa. Lilizaa.

Tangu Septemba 2023 Serikali yetu ilianzisha mpango wa wamama kuzaa bila malipo, ikianzia Kinshasa na kuendelea katika mikoa mingine. Kabla ya siku zenu kufika, ulizeni kama hospitali mnayoitegemea imo ndani ya mpango huo, na kama kurudi kwa ajili ya kidonda kunahesabiwa. Ulizeni mapema, tumbo likiwa bado kubwa, si usiku wa uchungu.

Na kuna neno la yule mama muuguzi ambalo halitutoki moyoni: "Kwetu imeandikwa kwamba ulitoka mzima." Tusiporudi, hospitali inahesabu kwamba tulipona. Hawajui kwamba wamama wanne wa juma moja walitoka usaha, basi hawachunguzi kama kuna kasoro katika kuchemsha vyombo, katika maji, katika mikono. Kurudi kwako kunamsaidia pia mama atakayelala kwenye kitanda kile baada yako. Nao wakuu wa hospitali, kama ukurasa huu unawafikia, tunawaomba jambo moja: mtu mwenye kidonda kinachooza asiulizwe deni mlangoni. Aonwe kwanza. Deni litaongelewa akiwa hai.

Tuliyoyapatana

Hatukutaka ile Alhamisi iishie kwenye kusikitika. Kabla ya kuachana tulipatana mambo haya, na tunaweka hapa ili kila mmoja atukumbushe.

Kila mwanachama au mtu wa nyumba yake atakayepasuliwa, tupewe habari. Wenzetu wawili wa kartie yake watamtembelea siku ya tatu baada ya kurudi, kisha siku ya saba, ya kumi, na ya kumi na nne tangu kupasuliwa. Baada ya hapo mara moja kwa juma mpaka siku ya thelathini itimie. Wataenda na sabuni, si na maneno. Watauliza maswali matatu. Wakiruhusiwa, watatazama kidonda. Waliyoyaona hayatasimuliwa kisimani.

Alama ikionekana, hawatatoa dawa. Watamsindikiza kwenye kituo cha afya au pale alipopasuliwa, siku ileile. Pesa ya moto na ya kumwona muganga itatoka katika kasha la mshikamano, bila kungojea siku ya mkutano, na bila riba. Mweka hazina amekubali kuamshwa hata usiku. Kwa ajili hiyo tutaongeza franka mia mbili kila juma katika mshikamano, kuanzia Alhamisi hii. Asiyeweza, aseme pembeni, hatafukuzwa.

Tumewaomba pia reko wa kartie zetu waje kuketi nasi mkutano ujao, ili kazi yetu isigongane na yao.

Tena kila nyumba yenye mgonjwa itachora mistari thelathini kwa makala ukutani karibu na kitanda, na kila asubuhi mtoto mmoja atafuta mstari mmoja baada ya kuuliza maswali. Mwenzetu mwenyewe ndiye aliyelitoa wazo hilo. Alisema kama wangekuwa na mistari ile, mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka tisa, angelikuwa ameuliza swali la homa kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani.

Alhamisi hii tunakutana saa nane, pahali petu pa kawaida. Mwenzetu atakuwepo, na mtoto wake. Yeye ndiye atakayetuonesha namna ya kunawa mikono kabla ya kugusa kidonda, kwa maana alijifunza kwa majuma matatu mbele ya yule mama muuguzi. Kila mmoja alete kipande cha sabuni.

Tubaki na amani katika jamaa zetu.